Maji yasiyo na harufu: ulimwengu pepe umefika Kisumu

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye maonyesho ya wanafunzi wa chuo kimoja hapa Kisumu. Kwenye meza moja walikuwa na miwani ya uhalisia pepe, ile minene inayofunika macho yote mawili, na foleni ndefu ya watu waliotaka kuijaribu. Mbele yangu alisimama mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye. Alipovishwa miwani aliambiwa yuko chini ya bahari. Akashika kiti kwa mikono miwili. Samaki mkubwa akapita, na mama akainama kumpisha. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mbona maji haya hayana harufu?"

Kijana wa pale hakuwa na jibu, nami sijaacha kulifikiria swali hilo. Mama yule alifanya mambo mawili kwa pamoja: mwili wake ulisadiki hata akamwinamia samaki asiyekuwepo, na bado akili yake ikaona kilichopungua. Katika mazungumzo yetu kuhusu ulimwengu pepe, yaani dunia iliyotengenezwa na kompyuta ambayo mtu huiingia kwa miwani au hata kwa simu, wengi huchukua nusu moja tu. Wapo wanaosema ni uongo wa kupumbaza watoto, na wapo wanaosema ndiyo kesho yetu, asiyeingia ataachwa. Nimewasikiliza wote, kanisani, kwenye matatu na kwenye mikutano ya wazazi, na naona swali lenye uzito zaidi limeachwa pembeni: ulimwengu huo ni wa nani, na mtu akitoka huko anarudi nyumbani na nini?

Tuanze na jinsi unavyofanya kazi. Miwani huonyesha kila jicho picha yake, zikitofautiana kidogo, na ubongo huziunganisha kuwa kitu chenye kina. Vihisio, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mwendo, hufuata kila unapogeuza kichwa, na picha inatakiwa kugeuka pamoja nawe ndani ya takriban milisekunde 20. Ikichelewa, sikio la ndani linaloshika mizani ya mwili linasema umesogea, huku macho yanasema bado umekaa tuli, na hapo kichefuchefu huanza. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikuwa na chombo cha namna hii, kizito kiasi kwamba kilining'inizwa darini. Siku hizi kinaingia kwenye mkoba, ingawa bei yake bado ni ya wachache: miwani ya Quest 3 ya kampuni ya Meta, wenye Facebook, ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa dola 499, ambazo ukihesabu dola kwa shilingi 130 ni karibu 65,000, kabla ya ushuru.

Kwa hiyo watoto wetu wengi huingia kwa mlango mwingine, yaani simu ya mzazi. Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni lililofunguliwa mwaka 2006, lilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 70 kwa siku kufikia mwisho wa mwaka 2023. Hapo hakuna haja ya miwani, lakini mtoto ana mwili, ana majirani, ana kiwanja na ana pesa. Mtu huzama hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

Nimeliona hilo kwa karibu. Dada yangu anaishi Migosi, na mwanawe wa Gredi ya 8 ana nyumba katika mchezo mmoja wa aina hii. Jioni moja alinikalisha kando yake anitembeze. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, yenye ngazi, taa na bustani, na juu ya paa alikuwa ameweka tangi jeusi la maji. Nikamuuliza ni la nini, maana huko hakuna anayekunywa. "Mjomba, hapa maji hayapotei," akaniambia. Kwao mfereji hukauka siku mbili tatu kwa wiki, na yeye ndiye hutumwa na mitungi. Niliguswa sana. Nilikuwa nimedhani mtoto huyu anakimbia maisha ya nyumbani, kumbe ameyabeba kwenda nayo huko na kuyatengeneza anavyotamani yawe.

Wiki mbili baadaye dada akagundua shilingi 650 zimetoka kwenye simu yake. Mtoto alijua namba ya siri. Hakuona kwamba ameiba, kwa sababu alichonunua hakikuandikwa bei kwa shilingi. Kiliandikwa kwa sarafu za mchezo. Nililichunguza jambo hili kwa makini. Sarafu huuzwa kwa mafungu, na bei za vitu mara nyingi hazilingani na mafungu hayo, kwa hiyo hubaki kiasi kidogo kisichotosha kununua chochote, na kile kilichobaki ndicho kinachomvuta mtoto aongeze tena. Muuza nyanya wa Kibuye akikurudishia chenji, unaondoka nayo. Huko chenji inakungoja urudi. Kwa dada yangu zile 650 zilikuwa unga wa wiki na zaidi, na mtoto alipoambiwa hivyo alilia kwa uchungu, kwani hakuna mahali popote kwenye kioo kile palipomwonyesha unga.

Wanaoitetea teknolojia hii wana hoja ambazo hatuna haki ya kuzipuuza. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililohusisha madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji. Nusu yao walifanya mazoezi kwanza katika uhalisia pepe. Walipofika kwa mgonjwa halisi, walitenganisha kifuko cha nyongo haraka zaidi kwa asilimia 29, na wale ambao hawakupata mazoezi hayo walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kifuko au kuunguza sehemu isiyohusika. Hapa kwetu, ambako daktari mwanafunzi hujifunza kando ya kitanda chenye mgonjwa halisi, ningependa sana makosa ya kwanza yafanyikie mahali ambapo hakuna anayetoka damu. Kule Seattle, Marekani, mtafiti Hunter Hoffman na wenzake walitengeneza ulimwengu wa theluji kwa ajili ya wagonjwa walioungua. Mgonjwa hurusha mabonge ya theluji wakati kidonda kinasafishwa, na maumivu anayoyasikia hupungua kwa sababu mawazo yake yamekwenda kwingine. Aliyewahi kusikia mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto akibadilishwa bendeji hatauita huo upumbavu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nchini mwetu. Kuanzia mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao Nairobi, lilishirikiana na kampuni ya Mojang iliyotengeneza Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali ya kwenye kompyuta, ili wananchi wachore wenyewe maeneo yao ya umma. Miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa ni uwanja wa Silanga, Kibera. Ramani ya mhandisi husomwa na mhandisi, lakini matofali ya mchezo huyaelewa hata mtoto wa miaka kumi na nyanya yake. Nikipita masoko yetu ya Kisumu huwaza jambo hilohilo. Mama wa mitumba anajua upana wa njia ambayo mkokoteni uliojaa unapita bila kuangusha meza, anajua jua la saa tisa linampiga nani, na mara nyingi huulizwa baada ya saruji kukauka. Angetembezwa ndani ya soko lake kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, angesema mapema.

Hata hivyo mama huyo angeingia katika soko hilo kama mgeni, na mwenye nyumba ni kampuni. Sisi tumezoea mahali penye wenyewe wanaojulikana. Pwani ya Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Ziwa Victoria, ina kamati yake, mtaa una mzee wa mtaa, na mtu mzima akimwita mtoto wa mwenzake kando, kuna jirani atakayeuliza. Huko ndani mtu wa miaka 40 huvaa sura ya msichana wa miaka 12, na anayeweza kumtoa yuko nchi ya mbali. Kampuni hizi zina haja ya kurudisha fedha nyingi walizotumia. Mwaka 2023 pekee kitengo cha Meta kinachoshughulikia miwani na ulimwengu pepe kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 16. Pesa kama hiyo itafidiwa na saa tunazokaa humo, au mifuko yetu, au habari zetu.

Kuhusu habari zetu ndipo ninapoogopa zaidi. Huku kwetu unamtambua mtu kwa mwendo kabla hujauona uso wake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba mashine nayo inaweza. Walichukua watu 511 waliovaa miwani, na kwa chini ya dakika tano za jinsi mtu anavyosogeza kichwa na mikono, programu ilimtambua kwa usahihi wa asilimia 95. Jina unaweza kulibadilisha, lakini huwezi kubadilisha namna unavyogeuza shingo. Wakenya tumeshaonja jambo linalofanana na hili: mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa malipo ya takriban shilingi 7,000, serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaweka alama za mwili katika kundi la data nyeti, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi. Ila ridhaa hiyo huombwa kwa kurasa za maandishi madogo ya Kiingereza, na anayebonyeza "nakubali" mara nyingi ni mtoto mwenyewe.

Uraibu wa michezo hii nautaja kwa ufupi, maana nadhani tunautaja kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha kama ugonjwa, lakini kwa kawaida linataka dalili zionekane kwa muda wa miezi 12, na maisha ya mtu, shule, kazi na jamaa, yawe yameharibika. Kijana anayecheza saa tatu siku ya Jumamosi si mgonjwa. Tukimwita hivyo atatuficha anachokutana nacho huko, na kufichwa ndiko kunakotisha.

Kwa hiyo nimesimama wapi? Nauunga mkono ulimwengu pepe unaoingiwa kwa kazi inayojulikana na kuishia kwenye kitu kinachoshikika, kama kidonda kilichosafishwa au uwanja uliochorwa na wenyewe. Naupinga ule unaomuuzia mtoto kwa sarafu asizozielewa, na ningetaka wabunge wetu walazimishe kila bei iandikwe kwa shilingi. Dada yangu hakumnyang'anya mwanawe simu. Alibadilisha namba ya siri, na mchezo sasa huchezwa sebuleni, sauti ikiwa wazi.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kijana huyo Dunga. Alipima mashua moja kwa hatua zake, akahesabu, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Anasema ataujenga ufuo wote kwenye mchezo wake, pamoja na wale akina mama wanaokaanga mbuta. Nikamuuliza harufu ataifanyaje. Akaufuata moshi kwa macho mpaka ukaishia juu ya maji. "Nitaweka moshi, mjomba," akasema. "Wa hapa wakiuona watajua."