Ukirudi na nywele za Istanbul, utazilea Mtwara

Matangazo ya kupandikiza nywele huwa na picha mbili tu. Ya kwanza mtu ana kipara kinachong'aa, ya pili ana nywele za kuchana. Baina ya hizo mbili pana mwaka mzima, na huo hakuna anayeutangaza. Mimi nauona kwa sababu nafanya kazi famasi hapa Mtwara mjini. Waliorudi kutoka Istanbul kule Uturuki, au kutoka Dar, hupita kwenye kaunta yangu kutafuta maji ya chumvi ya kunyunyizia kichwani, vidonge vya maumivu na, mara nyingi zaidi, mtu wa kuwaambia kama hali waliyonayo ni ya kawaida. Si wengi. Ila karibu wote wana pengo lilelile: walichunguza daktari, bei, hoteli na idadi ya vishina vya nywele vitakavyohamishwa, wakasahau kuuliza wakisharudi huku kusini itakuwaje.

Upasuaji wenyewe ni wa siku moja. Unapigwa ganzi ya kichwa, unalala saa sita, saba, nane, wanang'oa vishina vya kisogoni kimoja kimoja na kuvipachika mbele. Si jambo jipya. Daktari Okuda wa Japani aliandika kuhusu kuhamisha nywele mwaka 1939, na mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York akaeleza kwa nini inawezekana: nywele za kisogoni hazisikii ile homoni inayoua za utosini, na ukizihamisha huhama na tabia yao. Mkono wa daktari una sehemu kubwa katika matokeo, hilo sibishi. Ninachosema ni kwamba sehemu iliyobaki inaangukia kwenye joto letu, usafiri wetu, ibada zetu na msimu wetu wa korosho, na hiyo ndiyo haizungumzwi.

Chukua siku kumi za mwanzo. Kishina kilichopachikwa bado hakijashika, na kidole kimoja kinachojikuna usiku kinatosha kukitoa. Unatakiwa ulale umeinua kichwa kwa mito, usiguse, unyunyizie maji ya chumvi mara kwa mara, na kuosha kwa kumimina taratibu bila kusugua. Siku ya tatu hadi ya tano paji la uso huvimba, na uvimbe unashuka hadi machoni. Unatisha, ila kwa kawaida unaisha wenyewe. Sasa wengi hupanda ndege ya kurudi ndani ya siku hizohizo. Wakitua Dar, mwenye haraka anapanda basi, zaidi ya kilomita 500 hadi huku, kichwa kinagonga kiti kila penye tuta. Ukiniuliza mimi, kama una pesa ya Uturuki basi unayo pia ya ndege ya Dar hadi Mtwara, au ya kulala Dar kwa shemeji hadi wiki ipite.

Halafu bodaboda. Helmeti inayovaliwa na kila abiria, yenye jasho la watu wote wa Chikongola, huwezi kuivisha kichwa chenye vidonda elfu mbili vidogo. Kupanda bila helmeti nako siwezi kukushauri. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ni bajaji au miguu, tena asubuhi au jioni, kwa sababu jua la saa saba la hapa halifai kabisa kwa ngozi mbichi. Kofia laini, pana, isiyobana, inaruhusiwa baada ya siku chache ikiwa daktari wako amesema hivyo. Barakashia inayokaza paji la uso hapana.

Na swala. Hili sijaona likiandikwa popote kwenye karatasi wanazorudi nazo, wakati nusu ya wateja wangu hao wanaswali msikitini. Kusujudu siku za mwanzo ni kuinamisha kichwa, kunakoongeza uvimbe, na kulibana paji la uso kwenye mkeka, sentimita chache tu kutoka mstari wa nywele mpya. Dini imeshampa mgonjwa ruhusa ya kuswali amekaa na kurukuu na kusujudu kwa ishara. Kupaka maji kichwani wakati wa udhu, muulize sheikh wako kabla hujasafiri, si baada. Kliniki ya Istanbul imo katika nchi ya Waislamu, ingeweza kuliweka hili kwenye karatasi bila taabu.

Siku kumi hizo, hata hivyo, watu huzivumilia. Magamba yanadondoka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, mtu anajitazama kwenye kioo, nywele fupifupi zimesimama, anafurahi. Kinachowavunja ni kinachofuata.

Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zilizopandwa hupukutika. Si chache. Zinaweza kwenda karibu zote, na wakati mwingine zinaondoka na za zamani zilizokuwa jirani nazo. Mteja mmoja wa Tandahimba aliniletea zake zimefungwa kwenye karatasi. "Dada, zimetoka na mizizi. Tazama hiki cheupe mwishoni." Nikatazama. Kile kinundu cheupe ni ncha ya unywele uliokwisha kazi, siyo kishina. Kishina kimebaki ndani ya ngozi, kimeshtuliwa na kuhamishwa, kikaacha unywele wake na kuingia katika mapumziko. Huchukua miezi mitatu, minne, kabla ya kuanza kutoa mwingine, na huo wa kwanza hutoka mwembamba, dhaifu, wakati mwingine ukiwa na chunusi pembeni. Mwezi wa sita tangu upasuaji unaweza kuona kama nusu ya kitakachokuja. Mwaka mmoja ndipo unaruhusiwa kuhukumu, na utosini hata mwaka na nusu.

Kwa hiyo mwezi wa pili hadi wa nne unafanana na ulivyokuwa kabla ya kuondoka, pengine kuonekana vibaya zaidi, na mfuko umetoboka. Ndio wakati ambao mtaa mzima unajua ulikwenda wapi. Huku kwetu siri ya safari ya Ulaya haikai, na Uturuki kwa watu wa hapa ni Ulaya. Kijiweni wanakuita kipara ngoto wa Istanbul. Hapo ndipo mtu anaanza kununua. Anakuja kutaka krimu ya betamethasone, ile steroidi ya kupaka, anataka antibaiotiki, anasugua kitunguu maji, anapaka mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na habat soda. Mafuta ya nyonyo yenyewe sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni ule usuguaji. Krimu za aina ya betamethasone nakataa kuuza kwa kazi hiyo bila cheti cha daktari, na nimeshanuniwa sana kwa hilo. Dawa ya kipindi hiki ni kusubiri, na kusubiri hakuuzwi famasi.

Hapo nazungumzia mtu ambaye kazi yake ilifanyika vizuri. Kwa nywele zetu za kipilipili kuna la ziada. Unywele wa singa una mzizi ulionyooka ndani ya ngozi. Wetu umejikunja hata kule chini, kama unavyojikunja juu, na mwenye kuung'oa kwa kifaa cha duara anayefuata mwelekeo wa juu tu anaukata katikati. Kishina kilichokatwa hakioti, na kule kisogoni kilikotoka hakirudi. Akiba ya kisogoni haijazwi tena, ukishaimaliza imekwisha. Faida tuliyopewa ni kwamba unywele uliojikunja unafunika eneo kubwa zaidi kuliko ulionyooka, kwa hiyo vishina vichache vinaweza kutosha. Kliniki inayojisifu kwa idadi kubwa kabla hata haijakigusa kichwa chako ningeitilia shaka. Muulize daktari ameshafanya vichwa vingapi vya nywele kama zako, na akuonyeshe picha za mwezi wa kumi na mbili baada ya upasuaji, zenye mwanga uleule wa picha ya kwanza.

Makovu pia. Kama una kovu lililovimba kupita jeraha lake, la sikioni, kifuani au kidevuni, sema kabla ya kulipa. Madaktari waangalifu hujaribu vishina vichache kwanza, wakaangalia kwa miezi kadhaa ngozi inavyopona. Wenye vipele sugu vya kisogoni, vile tunavyovilaumu mashine za vinyozi, watibiwe kwanza, kwa kuwa kisogo hichohicho ndicho shamba la kuchukulia. Na dada zangu ambao misuko ya kuvuta imewaondoa nywele za pembeni, upandikizaji unaweza kuwasaidia ikiwa mmeacha kabisa kuvuta na hali imetulia. Lakini mwenye upara unaoanzia utosini na kutanuka huku kichwa kikiwaka na kuuma huenda ana ugonjwa unaogeuza ngozi kuwa kovu, na nywele zilizopandwa juu ya ugonjwa unaoendelea huliwa kama za kwanza.

Sasa kalenda. Pesa za huku zinapatikana kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikifunguka. Kwa hiyo safari inakuwa Novemba au Desemba, na mtu anarudi katikati ya joto kali kuliko yote ya mwaka, unyevunyevu na mvua zimeanza, umeme ukikatika feni inazima na jasho linatiririka kichwani usiku kucha. Ningesema nenda Juni, kuna kaubaridi. Lakini Juni hadi Agosti mkulima yuko shambani anapulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na vumbi lile linawasha macho na ngozi nzima, sembuse iliyotobolewa. Mkulima wa Newala hana mwezi mzuri. Bora wake, kwa maoni yangu, ni kuweka pesa ya mnada hadi Juni na kumwachia mwingine upuliziaji wa mwaka huo. Najua kuiweka pesa ya korosho miezi saba si jambo dogo. Mwenye kazi ya ofisini achukue Juni bila kufikiri mara mbili. Kuogelea baharini Shangani kusubiri mwezi mzima kwa vyovyote.

Kitu kingine ambacho wateja hawakuambiwa: kupandikiza hakuzuii nywele zilizobaki kuendelea kuanguka. Ndiyo maana wengi huandikiwa dawa za kuzilinda, kidonge cha finasteride cha miligramu 1 kila siku na minoxidil ya kupaka, na ukiacha, faida yake inaondoka ndani ya miezi. Finasteride inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume, na mtu anayo haki ya kulijua hilo kabla hajameza. Mama mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na mwanaume wa miaka 50 anayekwenda kupima tezi dume amwambie daktari kwamba anaitumia, kwa sababu inashusha kipimo cha damu cha PSA karibu nusu, na ugonjwa unaweza kujificha nyuma ya namba nzuri.

Nani atakuangalia ukirudi? Kliniki itasema tuma picha WhatsApp. Picha inasaidia, lakini simu haibonyezi ngozi ikaona kama usaha upo. Wataalamu wa ngozi tunao nchini, chuo chao kipo Moshi pale hospitali ya KCMC, ila Moshi na Mtwara ni ncha mbili za nchi. Kwa hiyo kabla ya kusafiri, nenda hospitali ya mkoa ya Ligula au ya kanda kule Mitengo, wenzetu wa Lindi waende hospitali ya Sokoine, mweleze daktari unachokwenda kufanya, umuulize kama atakubali kukuona baadaye. Urudi na barua ya Kiingereza, siyo ya Kituruki, yenye majina ya dawa zote. Homa, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au sehemu ya ngozi inayokauka na kuwa nyeusi tii, usiniletee mimi kaunta. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinyozi naye aambiwe. Kisogoni kwa kawaida mashine inaweza kupita baada ya mwezi hivi, mbele asubiri, aanze na mkasi mwezi wa tatu au wa nne, na wembe usiguse hadi daktari aruhusu. Vinyozi wetu wanapenda kumalizia na spiriti na taulo la moto. Mwambie kabla hajawasha mashine, kwa kuwa akishaanza na redio iko juu hatakusikia.