Waliuliza mke yuko wapi

Juzi kwenye grupu yetu ya WhatsApp (ile ya kamati ya harusi, harusi iliisha kitambo na hakuna mtu ametoka) mtu akatuma tena ile klipu ya Patrick Njoroge akipigwa msasa bungeni, yaani kuhojiwa kabla ya kuidhinishwa kazi, Juni 2015. Mnaijua. Jamaa ana miaka 54, amesoma uchumi hadi Yale, amefanya kazi IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) kule Washington karibu miaka 20, anataka kuwa Gavana wa Benki Kuu, na waheshimiwa wa kamati ya fedha wamekwama kwa mambo mawili: mbona hana mke, na mbona hana hata ploti Kenya. Njoroge naye ametulia tu, anawaambia hajaoa kwa kupenda, mali hapa hana, na yeye si maskini.

Grupu ikajaa vicheko. Na mimi nikacheka, nisijifanye mtakatifu. Halafu nikaangalia tarehe ya klipu nikaacha kucheka.

Kwa sababu hiyo ilikuwa Juni. Agosti ya mwaka huo huo Dubai Bank ikawekwa chini ya mrasimu, yule msimamizi wa benki iliyoshindwa. Oktoba 13 ikafuata Imperial Bank. Aprili 7, 2016 ikawa Chase Bank. Benki tatu ndani ya miezi minane! Sasa sisemi hiyo kamati haikuuliza kitu kingine chochote siku hiyo, pengine waliuliza maswali mazito na sisi watazamaji ndio tulibaki na la mke maana ndilo tamu. Sawa, hiyo lawama nawapunguzia nusu. Lakini nusu ile ingine inabaki, kwa sababu tangu siku hiyo nimeangalia vikao vingi vya msasa kuliko mtu mwenye akili timamu anavyofaa na mtindo ni ule ule: maombi, pongezi kwa aliyemteua, swali la thamani ya mali, mheshimiwa mmoja anakumbuka walisoma shule moja, mwingine anauliza "utafanyia nini vijana", mteule anajibu atafanya kazi na wadau wote, asante mwenyekiti, mwingine aingie.

Wadau wote. Hao wadau siku moja nitawatafuta niwaone.

Hebu niwaambie kwa nini hii kitu inanikera mimi binafsi. Mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Walikuwa wanachanga wanunue hema na viti vya plastiki vya kukodisha kwenye matanga na harusi, mpango mzuri tu, wa akili. Pesa zikawekwa kwa benki, benki ya kweli yenye leseni ukutani na peremende kwenye kaunta, jina lake naliacha. Ikafika siku tukapigiwa simu twende haraka. Kufika, mlango wa kioo umefungwa, karatasi moja imebandikwa na selotepu, pembe moja imeshaanza kubanduka, watu wanaisoma wakirudia kana kwamba mara ya tano itasema kitu tofauti. Ndani amesimama soja anaangalia viatu vyake. Mama akagonga kioo akamuuliza kwa ishara, pesa zetu je? Yule kijana akasogea karibu na ule mwanya wa mlango akasema, "Mama, hata mshahara wangu uko humu ndani."

Wakati huo bima ya amana, ile ya kuwalipa wateja benki ikianguka, ilikuwa inalipa mwisho shilingi 100,000 kwa kila mwenye akaunti. Kwa kila mwenye akaunti, sikiza vizuri. Chama kina akaunti moja, kwa hivyo tuliambiwa chama ni mtu mmoja. Gawanya 100,000 kwa akina mama 22: ni 4,545 na senti kadhaa. Zilizobaki ungoje mali ya benki iuzwe, ungoje sana, halafu ungoje tena. Na wakati unangoja, wenzako 21 wanaanza kukuangalia vibaya kanisani, eti huenda mweka hazina alijua mapema akatoa zake. Mama hakuwa na zake za kutoa, zilikuwa humo humo. Alibeba kile kitabu cha akaunti kwa mkoba karibu mwaka mzima, kila mtu akimtazama kidogo anakitoa anaonyesha.

Najua kiwango kimepanda, tangu Julai 2020 ni 500,000, na nashukuru, kweli. Ila hakuna mtu ameweza kuniambia kwa nini tulikaa na 100,000 miaka yote hiyo wakati mkate wenyewe ulikuwa umepanda bei mara sijui ngapi. Nani alikuwa kwa kiti? Aliulizwa nini siku alipopewa hicho kiti? Kwani wangapi hapa mnaweza kunitajia mwenyekiti wa bodi ya KDIC, shirika la hiyo bima ya amana, bila kutafuta? Msijali, mimi mwenyewe nilitafuta.

Hapa ndipo naona watu hawaelewi uzito wa hivi vikao. Katiba yetu kifungu cha 231 inasema Benki Kuu haiongozwi wala kuamrishwa na mtu yeyote inapofanya kazi yake. Ni kitu kizuri hicho, tulitoka mbali, wenye umri wangu mnakumbuka kashfa ya Goldenberg na miaka ya tisini vile hazina ilikuwa kama jikoni ya mtu. Lakini ukishampa mtu uhuru wa namna hiyo inamaanisha akishaingia ameingia. Rais hawezi kumpigia simu amwambie fanya hivi, mbunge pia hawezi, wewe na mimi ndio kabisa. Muhula miaka minne, na unaweza kuongezwa mara moja. Yaani ile siku ya msasa ndiyo siku peke yake mwananchi, kupitia kwa mbunge wake, anamuuliza huyu mtu ana kwa ana kabla hajashika funguo. Na hiyo siku tunaitumia kuuliza mambo ya ndoa??

Na si lazima uwe mwanauchumi ndio uulize swali la maana. Chukua Imperial. Madai yaliyotoka baadaye ni ya ulaghai uliofichwa kwa miaka na miaka, mabilioni zaidi ya 30, wakaguzi wa nje wakiingia na kutoka, Benki Kuu ikiwa ndiyo msimamizi, na muda mfupi tu kabla ifungwe benki hiyo hiyo ilikuwa imeuzia watu hatifungani (hati za kuikopesha benki) za bilioni 2. Mambo yalifichuka baada ya mkurugenzi mkuu kufariki, wenzake wakaona vitabu wakakimbia Benki Kuu. Fikiria hapo kidogo, ilibidi mtu afe. Sasa kama mimi ni mbunge na mbele yangu amekaa mtu anataka ugavana, au unaibu gavana, swali langu ni hili tu na siendi kwa lingine mpaka nijibiwe: wakaguzi wako wakitoka kwa benki na ripoti safi, na baada ya miezi miwili hiyo benki imefungwa, nani atapoteza kazi? Taja cheo. Akianza mambo ya wadau namrudisha. Benki ikianza kuumwa, nani anajua kwanza, wewe au matajiri wenye marafiki ndani? Mwenye 40,000 atajua siku gani? Kwa Chase uvumi ulizunguka kwenye simu, watu wakatoa pesa mbio, asubuhi yake benki haikufunguka, na aliyekosa data siku hiyo ndiye alifungiwa. Wa Chase angalau walifunguliwa mwisho wa Aprili wakaruhusiwa kutoa hadi milioni moja. Wa Imperial walingoja zaidi.

Mtaniambia kuuliza mali ni muhimu kwa sababu ya ufisadi. Ni muhimu, haya. Lakini kama jibu ni nambari tu, mtu anasema mimi nina bilioni kadhaa, kamati inatikisa kichwa kwa heshima na kuendelea, hiyo imesaidia nani? Mwenye bilioni anaheshimiwa, na asiye na ploti ndiye anahojiwa kama mwizi.

Kuna na hii ya sheria yenyewe, ile ya 2011 ya Bunge kuidhinisha wateule. Kamati ina siku 28. Zikiisha na Bunge halijasema ndiyo wala la, mteule anahesabiwa ameidhinishwa. Kunyamaza ni kukubali, kama posa za zamani. Na hata kamati ikipata ujasiri ikamkataa mtu, Bunge zima linaweza kugeuza, muulize Peninah Malonza, aliyeteuliwa waziri wa utalii, Oktoba 2022 kamati ilimkataa na wenzao wakampitisha.

Na msiniambie Bunge haliwezi mambo ya benki. Likitaka linaweza sana. 2016 mswada wa kubana riba ulipita, mwenye mswada si serikali, alikuwa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini, benki zikalia na bado ukatiwa sahihi Agosti. Baadaye wakopaji wadogo wakanyimwa mikopo na Novemba 2019 ukafutwa, sitaki kuingia huko leo, nitapigana na watu.

Sasa hivi wimbo ni mtaji, yaani pesa za wenye benki wenyewe. Sheria ya Desemba 2024 inataka kila benki itoke mtaji wa bilioni 1 ifike 10 kufikia mwisho wa 2029. Pengine itasaidia, benki nene inachelewa kuanguka. Ila Imperial haikuanguka kwa wembamba, kwa yale tuliyosikia ilianguka kwa sababu waliotakiwa kuangalia hawakuona, na kuona hakuongezwi na mtaji. Bado tutahitaji mtu kwa hicho kiti, na bado atapita kwenye hiyo kamati.

Nilimwonyesha mama klipu. Aliiangalia yote bila kucheka, akanirudishia simu, akauliza, "Na huyu wa kuuliza mke, yeye anaweka pesa zake benki gani?" Nikamwambia sijui. Akaniambia tafuta, ndipo nitaweka zangu.