Kabla Hujatoboa Njia Mpya, Kabadilishe Bolti za Ile ya Zamani

Kibati kilizunguka nilipokigusa. Nilikuwa nimefika juu, mwisho wa njia ya kupanda mwamba, mikono imejaa, nahema, nikanyoosha mkono niingize karabina, ile pete ya kufunguka na kufunga, kwenye nanga, yaani bolti mbili zilizopigiliwa mwambani, kila moja na kibati chake cha kushikia, na kimoja kikazunguka kama kitasa kilicholegea. Cha pili kilitulia, ila chini yake mwamba ulikuwa na mchirizi wa kutu urefu wa shibiri nzima. Nilishuka kwa hizo bolti mbili kwa sababu sikuwa na pengine pa kushikia. Nilipofika chini nikamweleza aliyenishikia kamba. Akanijibu, "Bwana, hizo ziko hivyo siku nyingi."

Siku nyingi! Ina maana watu wengi kabla yangu walikiona kibati kile kikizunguka, wakaning'iniza uzito wao hapohapo, wakashuka, wakaenda zao. Mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo na kukaa miezi kadhaa bila kuchukua hatua. Ndiyo maana naandika.

Msimamo wangu ni huu: mwenye keekee na mfuko wa bolti mkononi asitoboe njia mpya wakati iliyo jirani yake inaoza. Najua jambo hili linawaudhi wengi. Anayefungua njia huipa jina, na jina hilo huandikwa kwenye vitabu vya mwongozo vya wapandaji. Anayebadilisha bolti za mtu mwingine hapati hata mstari mmoja. Sifa zote zimekaa upande wa kuanza, na kwenye kutunza hakuna chochote. Tukilalamika kwamba nanga zetu zimechakaa, tuanzie hapo.

Mwaka 1958 Warren Harding na wenzake walikamilisha njia ya kwanza ya kupanda El Capitan, ukuta mkubwa wa mwamba kule Yosemite, Marekani. Walitoboa mashimo 125 kwa nyundo na mkono. Usiku wa mwisho Harding alitoboa 28 mfululizo kwenye ukuta ulioinama kichwani pake, mpaka kukapambazuka. Namheshimu sana kwa kazi ile. Lakini njia hiyo imeendelea kupandwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa, na chuma hakingoji kizazi kipite. Zama hizo na miaka mingi baadaye, bolti ya kawaida ilikuwa na unene wa robo inchi, yaani kama milimita 6. Mwaka 1998 Chris McNamara alianzisha American Safe Climbing Association, shirika la kubadilisha bolti kama hizo. Mpaka leo wanaendelea, kwa sababu kazi yenyewe haina siku ya kwisha.

Kosa letu kubwa ni kuamini macho. Kutu ya nje tunaiogopa, nayo wakati mwingine ni ya juujuu tu. Cha kutisha zaidi ni chuma kinachong'aa. Kwenye miamba ya chokaa ya Thailand iliyo kando ya bahari, wapandaji waliweka bolti za chuma kisichoshika kutu wakidhani wamemaliza mambo. Chumvi na joto vikaingia kazini: chuma kikapata nyufa nyembamba kwa ndani huku uso wake ukibaki safi. Bolti za aina hiyo zimewahi kukatika kwa uzito wa mwili tu, wakati bolti nzima ya kisasa hutakiwa kuhimili kilonewtoni 25 ikivutwa kwa upande, karibu uzito wa tani mbili na nusu. Huko sasa wanatumia bolti za metali ya titani zilizogandishwa mwambani kwa gundi. Ni ghali kuliko chuma kwa mbali, na bado naona ni nafuu ukilinganisha na kurudia kazi ileile kila baada ya miaka michache.

Kwa hiyo kuchagua bolti ni kuujua mwamba wenyewe: uko karibu na bahari, unavuja maji, ni laini au mgumu? Na usichanganye vyuma. Kibati cha chuma kilichopakwa zinki kikifungwa kwenye bolti isiyoshika kutu, kimoja kitakila kingine polepole, maji yakiwa shahidi.

Wapo wanaotembea na spana, wakikuta nati imelegea wanaikaza na kuondoka wakijiona wamesaidia. Nati ya bolti nzima, sawa, ikazwe. Ila bolti iliyokwisha kuliwa ukiikaza unaivuta zaidi pale ilipo dhaifu. La kuvunda halina ubani.

Itolewe. Na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wa zamani, ambao waliivunja bolti kwa nyundo, wakaacha mkia wake ndani, kisha wakatoboa tundu jipya pembeni. Ukifanya hivyo mara tatu, mwamba unabaki na matundu kama uliopigwa risasi. Leo tuna vifaa vya kuivuta bolti taratibu mpaka itoke nzima. Tundu lilelile linapanuliwa, tuseme mpaka milimita 12, linasuguliwa kwa brashi na kupulizwa vumbi mara kadhaa, kwa sababu gundi inayoshika vumbi haijashika mwamba. Kisha bolti ya milimita 10 inaingia na gundi yake, na hakuna anayeigusa mpaka ikauke. Ni kazi ya kuchosha, vumbi machoni, umening'inia kwenye mkanda mpaka miguu inakufa ganzi.

Tundu lilelile linajibu pia hoja ya wanaosema tutaharibu sura ya njia. Nakubaliana nao kabisa kwamba bolti moja hubadilishwa kwa bolti moja, mahali palepale. Aliyefungua njia ya kutisha kwa bolti nne alikuwa na sababu zake, na hatuna haki ya kuongeza ya tano kwa kisingizio cha ukarabati.

Asiye na keekee naye ana lake. Mkiwa kundi mnapokezana njia moja, pitisheni kamba kwenye karabina zenu wenyewe, na wa mwisho tu ashukie pete za nanga. Kamba yenye mchanga hukila chuma kama msasa, na karabina ya alumini iliyochimbika huwa na ukingo mkali unaoweza kuikata kamba. Halafu changa. Bei ya jozi moja ya viatu vya kupandia inatosha bolti kadhaa.

Zile mbili nilizozishukia tulizitoa hatimaye, mimi na mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii kwa uvumilivu mkubwa. Ile iliyozunguka ilitupa shida asubuhi nzima, na ilipotoka tukakuta bado ni nzima, nati tu ndiyo ilikuwa imelegea. Ile iliyotulia, niliyoiamini na kuitegemea siku ile, ilikatika tulipoanza kuivuta, kabla mzee hajatia nguvu. Sentimita mbili ndani ya mwamba ilikuwa imebaki nyembamba kama msumari.

Njia mbili za kulia kwake zina bolti za mwaka uleule. Jumamosi tunaanza na ya karibu.