Filamu ya Zamani, Skani ya Leo: Picha Huamuliwa Wapi?

Kila anayepiga picha kwa kamera ya filamu amewahi kuulizwa swali hili: ikiwa picha hatimaye itaskaniwa na kutazamwa kwenye simu au kompyuta, kwa nini asitumie kamera ya dijitali tangu mwanzo, akajiepushia gharama na usumbufu? Swali ni la haki, na majibu ya wapenzi wa filamu, ambao nami ni mmoja wao, mara nyingi ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Husemwa kwamba filamu ina roho, kwamba rangi zake haziigiki, na kwamba lenzi za zamani huchora uso wa mtu kwa namna ambayo lenzi za kisasa haziwezi. Hoja ya kwanza haipimiki, ya pili ni kweli nusu, na ya tatu ni kweli lakini haihusu filamu.

Nianze na lenzi, maana hapo ndipo mambo mawili tofauti huchanganywa zaidi. Helios 44-2, lenzi ya milimita 58 iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa kufuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss, inasifika kwa kuifanya mandhari ya nyuma ionekane kama inazunguka. Sababu yake inaeleweka: kadiri unavyokwenda pembezoni mwa picha, mwili wa lenzi hukata sehemu ya mwanga unaopita kwa mshazari, hivyo madoa ya mwanga yaliyokuwa duara katikati hugeuka kuwa na umbo la jicho, nayo hujipanga kuuzunguka moyo wa picha. Baadhi ya lenzi za Super-Takumar za milimita 50 zina kioo chenye thori (metali yenye mnururisho), nacho huingia umanjano kadiri miaka inavyopita na hurudia weupe wake kikianikwa kwenye mwanga wa urujuanimno kwa siku kadhaa. Tabia hizo zote zimo ndani ya lenzi, wala hazitegemei kilichokaa nyuma yake. Lenzi zinazofungwa kwenye kamera kwa skrubu ya M42, zikiwemo hizi mbili, ziliundwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, ilhali kamera nyingi za dijitali zisizo na kioo cha kuakisi huhitaji milimita 16 hadi 20 tu, kwa hiyo nafasi inayobaki inatosha adapta isiyo na kioo chochote ndani. Anayetaka mchoro wa Helios anaweza kuupata bila kutumia hata fremu moja ya filamu, na katika hili wapinzani wa filamu wako sahihi kabisa.

Wako sahihi pia wanaposema kwamba kamera kuukuu ni mzigo. Springi za shata, kile kifuniko kinachofunguka kwa sehemu ya sekunde ili mwanga uifikie filamu, huchoka na grisi hukauka, hata mwendo ulioandikwa 1/500 ya sekunde ukawa kwa kweli 1/250. Sponji zinazozuia mwanga mlangoni huoza na kugeuka gundi nyeusi, na ukungu huota ndani ya lenzi iliyohifadhiwa penye unyevu. Vipima mwanga vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake, na mtu akiweka mbadala wa volti 1.5 mara nyingi kipimo humdanganya kwamba mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Kasoro ya shata na ya kipimo hazina uzito sawa. Shata inayochelewa huongeza mwanga, na filamu ya negativu, ile ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye kivuli peupe, huvumilia mwanga uliozidi maradufu bila shida. Kipimo kinachodanganya huupunguza, na sehemu za kivuli ambazo hazikupata mwanga wa kutosha hakuna skana itakayozirudisha. Ndiyo maana namshauri anayeanza apime mwanga kwa simu yake, aseti kasi ya filamu (ISO, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga) chini kidogo ya ile iliyoandikwa kwenye kasha, na asikiamini kipima mwanga ambacho hajakilinganisha na kingine.

Suala la rangi ndilo zito kuliko yote, na hapa ninatofautiana na pande zote mbili. Kusafisha filamu ya rangi kuna kanuni: katika utaratibu wa C-41, ulioanzishwa na Kodak mwaka 1972, dawa ya kwanza hukaa nyuzi 37.8 za Selsiasi na filamu hukaa humo dakika 3 na sekunde 15, iwe imesafishwa katika maabara kubwa au jikoni kwa mtu. Kuskani hakuna kanuni ya namna hiyo. Negativu ya rangi ina utando wa rangi ya chungwa uliowekwa makusudi ili kusahihisha kasoro za rangi zilizomo ndani ya filamu yenyewe, na ilikusudiwa ichapwe kwenye karatasi na fundi anayerekebisha vichujio mpaka ngozi ya mtu ifanane na ngozi. Skana inapoigeuza negativu hiyo kuwa picha, lazima programu au mtu aamue nyeupe iko wapi, nyeusi iko wapi, na chungwa lile litolewe kiasi gani. Mashine za Frontier na Noritsu, zilizoundwa ili maabara zihudumie wateja wengi kwa haraka, huanza kwa kukisia zenyewe jambo hilo, na fremu ileile ikipita katika mashine hizo mbili hutoka na sura mbili. Kwa hiyo wengi wanaosifu rangi za filamu fulani wanasifu, bila kujua, makisio ya mashine pamoja na mkono wa aliyeisimamia.

Slaidi, yaani filamu ambayo picha hutokea juu yake ikiwa na rangi zake za kawaida badala ya kugeuzwa, ni habari nyingine. Filamu ya slaidi ya Ektachrome, iliyoachwa kutengenezwa mwaka 2012 na kurudishwa mwaka 2018, ukiishika mbele ya dirisha unaiona picha kamili kwa macho yako, na skani unaweza kuipima kwa kuilinganisha na kitu kilichopo. Anayedai kwamba filamu ina rangi zake yenyewe angejengea hoja yake hapo, ingawa slaidi haisamehi kosa la mwanga hata kidogo.

Je, filamu inabakiwa na nini baada ya kuwapa wapinzani haki yao yote? Nitaeleza kwa negativu moja. Nilimpiga picha mama mmoja mzee ameketi kando ya dirisha lenye pazia jeupe, jua likiwa nyuma ya pazia. Skani niliyoletewa na maabara ilionyesha uso vizuri, lakini pazia lilikuwa bapa jeupe lisilo na kitu. Niliiweka negativu juu ya kisanduku cha mwanga, nikainama na kikuzaji. Pazia, ambalo kwenye negativu huwa ndiyo sehemu nyeusi kuliko zote, lilikuwa na mikunjo yake yote, na katika mkunjo mmoja nyuzi za kitambaa zilihesabika. Niliipiga upya kwa kamera ya dijitali na lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, mara mbili kwa mwanga tofauti, kisha nikaigeuza mwenyewe polepole, na mikunjo ikarudi.

Mpinzani atasema, na kwa haki, kwamba kamera nzuri ya dijitali ingelihifadhi pazia lile kama ningepunguza mwanga wakati wa kupiga na kuvifungua vivuli baadaye. Ni kweli. Tofauti ni kwamba kihisi cha dijitali kikijaa mwanga hukata ghafla na kilichopotea hakirudi, ilhali negativu huelemewa taratibu na huendelea kuandika. Kosa la maabara lilikuwa katika skani, na kwa kuwa negativu ilikuwa mkononi mwangu, lilirekebishika. Hoja hii huanguka yote pale mtu anapopokea mafaili na kuacha negativu zake maabara zitupwe, jambo ambalo naliona likizidi na linaniuma.

Kuhusu ukali wa picha sitakaa sana. Fremu ya milimita 24 kwa 36 ikiskaniwa kwa nukta 4000 kwa inchi hutoa takriban megapikseli 21, kiasi ambacho kamera za dijitali zilikipita zamani, na sehemu ya pikseli hizo huwa inachora chembechembe za filamu badala ya mandhari. Kwa filamu pana ya 120 hesabu hubadilika: fremu iitwayo ya sentimita 6 kwa 6 (kwa kweli ni takriban 5.6 kwa 5.6) kutoka kwenye kamera ya Rolleiflex, hata kwa nukta 2400 tu, hufikia megapikseli 28. Kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe kuna adha ya vumbi pia, maana njia ya skana ya kulitambua kwa miale ya infraredi haifanyi kazi pale ambapo picha yenyewe ni madini ya fedha yanayozuia miale hiyo. Kazi hiyo hubaki kwa brashi na saa nzima ya subira.

Nikienda kupiga sherehe ya usiku ninachukua kamera ya dijitali na lenzi kuukuu mbele yake, wala sioni kwamba nimesaliti chochote. Ninapopakia filamu, basi naiomba maabara inisafishie tu, au kama ni lazima waskani, wanipe faili la TIFF la biti 16, linalohifadhi rangi kwa undani zaidi, lisilonolewa wala kuongezwa ukali wa rangi, na bahasha ya negativu niondoke nayo. Ile ya pazia nimeiskani mara tatu sasa. Skani ya tatu ndiyo bora, na bado ukingo wa chini wa pazia haujaonyesha pindo ninaloliona kwa kikuzaji.