Nguo ya kuazima kwenye Wikipedia ya Kiswahili

Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Tuseme kijana wa Makambako, kikombe cha chai mkononi, anakuta makala inayouweka mji wake mkoani Iringa. Anabonyeza "hariri" abadilishe neno moja tu, simu inamjibu kuwa anwani yake ya intaneti imefungiwa. Hajawahi kuandika hata nukta.

Ndiyo maana swali la kutafsiri kanuni za Wikipedia ya Kiingereza, zikiwemo za kufungia anwani, au kujitungia zetu si la wakabidhi (wasimamizi wa Wikipedia) peke yao.

Wanaotaka kutafsiri hawasemi ovyo. Mwaka 2005 uzushi uliomhusisha mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, na mauaji ya Kennedy ulikaa kwenye makala yake miezi minne. Desemba hiyo Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasiojisajili kuanzisha makala. Tena Wikipedia ndogo ikiachwa ijiendee, yanaweza kuikuta ya ile ya Kikroatia, iliyoshikwa na wakabidhi wachache kwa miaka.

Sawa. Ila turudi kwa kijana wetu. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti. Mhuni akichafua makala akiwa Uyole, anwani ikafungwa, mwanafunzi wa Mafinga na mwalimu wa Tukuyu wanaweza kujikuta nje pamoja naye. Penye intaneti ya kila nyumba, umemfungia mtu mmoja. Huku kwetu ni kufunga stendi nzima ya Nane Nane kwa kosa la mpiga debe mmoja! Na aliyefungiwa hakati rufaa. Anazima skrini, basi, mhariri amepotea kabla hajaanza.

Hata Waingereza na Wamarekani hawakuletewa kanuni zao kwenye sahani. Waliungua, wakabishana, na kura peke yake haikumaliza neno: mwenye pingamizi alitakiwa kujibiwa kwa hoja. Sisi tunachukua jibu lao, mabishano tunayaruka.

Vivyo hivyo kuhusu vyanzo. Kanuni inadai kilichochapishwa, wakati maandishi mengi ya enzi za Mkwawa, mtemi wa Wahehe, yaliachwa na maofisa wa Kijerumani waliopigana naye. Mzee wa Kalenga, makao ya Mkwawa, mwenye masimulizi ya mdomo tu, anaingilia wapi?

Mimi ningeanza na anwani za simu: zifungwe kwa saa moja badala ya miezi. Kijana wa Makambako angemaliza chai yake, akajaribu tena.