Dawa moja, magonjwa mawili: kipimo cha ini kina haja gani?

Mama mmoja anayeuza omena Kibuye, hapa Kisumu, hutia pamba kwenye kopo la dawa zake ili vidonge visisikike vikigongana mkobani. Miaka mingi sasa anameza kidonge kimoja kila usiku, na vipimo vinaonyesha virusi vya Ukimwi vimedhibitiwa kabisa. Homa ya ini aina ya B hajawahi kupimwa.

Wapo wanaosema hana haja ya kupimwa, na hoja yao ina uzito. Kidonge hicho, TLD, kina tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza hukandamiza pia virusi vya homa ya ini B, kwa hiyo kama anaugua, tayari anatibiwa. Kaunti inayohesabu kila shilingi itanunuaje kipimo ambacho jibu lake halibadilishi dawa? Afadhali pesa hizo ziwatafute walioacha kliniki.

Ningekubali, kama watu wangemeza dawa maisha yao yote bila kukatiza. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, huduma za Ukimwi humu nchini zilivurugika na watu wakaingiwa na hofu ya kukosa dawa. Mwenye virusi vyote viwili akiacha TLD ghafla, vile vya ini vinaweza kuamka na ini likavimba vibaya, hata kumuua. Utamwonyaje mtu ambaye hali yake haijulikani?

Tena matibabu yenyewe yanabadilika. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano za kabotegraviri na rilpivirini kwa watu wazima na vijana ambao virusi vyao vimedhibitiwa. Kuchomwa kila baada ya miezi miwili, bila kopo, bila pamba: mama huyu angefurahi sana. Ila sindano hizo haziwezi kutibu homa ya ini, ndiyo maana shirika hilo liliweka sharti kwamba anayezipata asiwe na homa ya ini B. Bila kipimo, tutamhamisha kutoka kwenye dawa iliyokuwa ikimlinda pasipo yeye kujua.

Kisha kuna wa nyumbani, ambao huenda akawaambukiza. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya mwishoni mwa 2001, hivyo wengi wa rika la mumewe hawakuipata utotoni. Hapo nakiri wanaopinga wana jambo: kumpima mtu, kumkuta hana, kisha kumrudisha nyumbani bila dozi tatu za chanjo ni kazi nusu. Bajeti ya kipimo na ya chanjo ziende pamoja.

Kipimo ni tone la damu ya kidole na kusubiri dakika chache. Kama fedha haziwatoshi wote, waanze wajawazito, waliorudi kliniki baada ya kukatiza dawa, na kila anayetaka kuhamia sindano.