Bega liangaliwe kwanza, ndipo lichomwe

Mama mdogo anaparua samaki Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, tangu sijaanza shule. Mwaka jana bega lake la kulia likagoma. Kufunga kanga mgongoni hawezi, kulalia upande ule hawezi, akishika kisu mkono unashuka wenyewe. Majirani kila mmoja akaupa ugonjwa jina lake: baridi yabisi, mishipa, gesi.

Akaenda zahanati moja ya mtaani, akachomwa sindano ya bega. Wiki tatu baadaye akachomwa nyingine. Hakuna aliyemwinua mkono aone unakwama wapi, wala aliyemuuliza kama ana kisukari. Anacho, mwaka wa tisa huu. Kesho yake baada ya sindano ya pili, kipimo chetu cha sukari cha nyumbani kilisoma 19, juu mno. Niliumia sana, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Sindano hizo mara nyingi ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, iliyochanganywa na dawa ya ganzi. Zinasaidia, sikatai, wapo wanaopata nafuu ya wiki kadhaa wakalala usingizi. Lakini steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na ikiingia ndani ya kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, inaweza kuidhoofisha. Na bega lenyewe lina mambo mengi: misuli minne imelikumbatia, kano zinapita chini ya mfupa wa juu, na hapo katikati kuna kifuko chembamba cha ute. Kano ikichanika, kifuko kikijaa maji, au bega likiganda (jambo linalowapata zaidi wenye kisukari), mgonjwa atasema neno lile lile: bega linauma. Tiba zake ni tofauti kabisa.

Hospitali tuliyokwenda baadaye, daktari alianza kwa mikono yake. Akamwinua mkono, akauzungusha, akamwambia asukume. Kisha akasema twende utrasaundi, kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti. Mama mdogo akaninong'oneza, "Mwanangu, ile si ya wajawazito?" Mjini hapa wengi ndivyo tunavyoijua.

Akapakwa jeli begani, akaambiwa aweke kiganja nyuma ya kiuno, kama anayetia pesa mfuko wa suruali. Mkao huo huichomoza kano iliyojificha chini ya mfupa. Nikaiona kwenye kioo cha mashine: nyuzinyuzi zimelala pamoja kama kamba ya katani, nzima, haijakatika. Juu yake kulikuwa na mstari mweusi mnene. Maji, kwenye kifuko. Sukari ikapimwa kwanza, ndipo sindano ikaingia, nasi tukiiangalia: mstari mweupe unasogea taratibu, ncha ikasimama ndani ya ule weusi, dawa ikautanua.

Sitaki mtu asome hapa aende kudai mashine kwa kila sindano. Mwaka 2021 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walikusanya tafiti zilizolinganisha sindano za bega zinazoongozwa na utrasaundi na zile za kuchoma bila picha, wakaona kwa maumivu tofauti ni ndogo mno au haipo. Kwa hiyo ukiambiwa ulipe zaidi kwa sababu ya mashine ndipo upone, uliza maswali. Kuna kazi ambazo bila kuona ni kubahatisha, kama kuvunja na kuosha chokaa iliyoganda ndani ya kano. Ila faida kubwa niliyoiona mimi ilikuwa kabla ya sindano, pale daktari alipojua anatibu nini, kwa kipimo kisicho na mionzi na kilichochukua dakika chache tu. Eksirei ingeonyesha mifupa. Kano na kifuko kile visingeonekana vile.

Na daktari mwenye mikono na masikio, asiye na mashine, bado ni bora kuliko zahanati yenye sindano tayari mezani.

Sindano ile ilimpa nafasi ya kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo anayoendelea nayo. Kila alfajiri, kabla ya kupanda daladala, anasimama ukutani na kupandisha vidole kama buibui. Mjukuu wake anachora chaki pale vilipofika. Alama ya Jumatatu hii imepita swichi ya taa.